Mnaoanza wodi ya kiharusi, punguzeni papara

Wadogo zangu mnaoanza intern ya fizio (tiba ya mazoezi ya viungo), mi nilianza na mbio sana. Mgonjwa hajamaliza hata siku moja tangu apate kiharusi nishamkalisha, nishamsimamisha, nataka atembee, najiona mchapakazi kweli. Baadae ndo nikakutana na utafiti wa AVERT wa 2015, wagonjwa zaidi ya 2,000, walioanzishiwa mazoezi mengi ndani ya masaa 24 tangu kiharusi, ilipofika miezi 3 hali zao zilikua chini kidogo kuliko wenzao wa huduma ya kawaida. Sio kwamba umwache alale kama gogo, ni dakika chache, anapumzika, unarudi tena, na presha uwe umepima kabla hujamnyanyua.

Kosa langu kubwa lakini ni bega. Kuna mzee mkono wa kulia umelegea kabisa, na maneno hayatoki, nikamvuta kwa mkono huohuo ili akae, kesho yake bega linamuuma halali usiku na akiniona anageuza uso. Misuli ya kulishika bega imelala, ukivuta mkono unaning'inia kwenye kano tu. Mshike nyuma ya bega, na mkono uulaze juu ya mto, mto hakuna kunja khanga za ndugu. Na hao ndugu uwafundishe, usiku wanaomgeuza ni wao. Uji pia wasubiri apimwe kumeza, akipaliwa unaingia kifuani anapata nimonia.

Sasa kuhusu kulia machozi. Ndugu watakwambia mzee anadeka siku hizi. Kuna kilio cha ubongo kukosa breki, ukibadilisha mada anakata ghafla kama bomba limefungwa, huyo usimshangae. Ila akiwa hali chakula, hataki wageni, anaangalia ukuta tu, hiyo inaweza kua sonona (depression), karibu 1 kati ya 3 wanaipata, mwambie daktari siku hiyohiyo.

Yule mzee nilimwamkia nikamwomba radhi, kimya. Mkewe ndo akasema jamani huyu ni fundi cherehani, kesho yake akaleta kipande cha kitenge. Tukauweka mkono mbovu juu ya kitambaa ukikandamize, mzima unakunja pindo, taratiibu, akikosea anafumua anaanza upya. Nikamwambia mzee inatosha pumzika, akanisukuma mkono.