Karanga za Nachingwea kwenye mtihani wa GRE: majibu ya maswali yenu

Kwa aliyejiunga nasi leo: GRE ni mtihani wa kompyuta unaotungwa na taasisi ya Marekani iitwayo ETS. Vyuo kadhaa, hasa vya Marekani, huutaka kwa wanaoomba shahada ya uzamili au uzamivu. Unapima kusoma na kuandika kwa Kiingereza, pamoja na hesabu. Septemba 2023 ulifupishwa, sasa ni saa 1 na dakika 58 bila mapumziko. Mimi niliufanya enzi zile ulipokuwa unakaribia saa nne, kwa hiyo mniwie radhi nikionekana kuwaonea kijicho.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili na Historia sekondari huku Tandahimba. Hisabati kidato cha nne nilipata F na sikuigusa tena. Nasikia nusu ya GRE ni hesabu. Nijaribu au nisipoteze hela?

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Jaribu, ila usianze na kulipia, anza na daftari.

Hesabu za GRE haziendi mbali. Ni asilimia, uwiano, sehemu, milinganyo, pembetatu na duara, wastani, kusoma grafu. Nyingi ni za kidato cha kwanza na cha pili. Zile sini na kosini zilizokutoa jasho hazimo. Tena kikokotoo kimewekwa kwenye skrini. Mtu anaangushwa na mitego, si na ukubwa wa hesabu.

Chukua mfano wa kwetu. Tuseme kilo ya korosho imeuzwa shilingi 3,000 mnada wa kwanza. Mnada wa pili bei ikapanda kwa asilimia 20, wa tatu ikashuka kwa asilimia 20. Je, tumerudi 3,000? Wengi hujibu ndiyo, na jibu hilo limewekwa pale makusudi likusubiri. Ilipopanda ilifika 3,600. Iliposhuka, asilimia 20 ilikatwa kwenye 3,600, yaani 720. Umebaki na 2,880. Mzee yeyote aliyekaa chini ya mwembe wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akisubiri malipo angekuambia kuna kitu kimepungua, hata kama hajui kukiandika.

Kuna aina nyingine itakayokusumbua zaidi: unapewa viasi viwili, useme kipi kikubwa, au viko sawa, au haiwezekani kujua. Kwa mfano, x ni kubwa kuliko sifuri. Kiasi A ni x mara x, Kiasi B ni x. Ukiweka 2, A inashinda, nne kwa mbili. Ukiweka nusu, A ni robo, B inashinda. Basi jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Aliyezoea namba nzima peke yake hujibu A na kuendelea huku anatabasamu. Jizoeze kuweka sehemu, na pale swali linaporuhusu, sifuri na namba hasi pia.

ETS wanatoa bure kwenye tovuti yao kitabu cha marudio ya hisabati. Kipakue siku mtandao ukiwa mzuri, kichape hata stationery pale sokoni, ukipitie na penseli. Kila swali ulilokosa liandike upya kwenye daftari la makosa, na chini yake uandike kwa Kiswahili ulichodhani na kilichokuwa kweli. Hilo daftari ndilo la kusoma wiki ya mwisho. Kwa hali yako ningejipa miezi minne, saa moja kila alfajiri kabla ya kwenda shule. Jioni una madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, tusidanganyane.

Mimi ni muuguzi Lindi. Nataka kusoma uzamili Dar, na nikishindwa niombe ufadhili wa Chevening kwenda Uingereza. Nianze lini kujiandaa na GRE?

Usianze, dada. Vyuo vyetu vya hapa nchini kwa programu nyingi hutazama GPA na vyeti, na Chevening haidai GRE. Hata Marekani kwenyewe idara nyingi zimeuacha au zimeufanya wa hiari. Kabla hujatoa senti fungua ukurasa wa programu yenyewe, si wa chuo kwa jumla, maana ndani ya chuo kimoja idara moja inautaka na jirani yake hautaki.

Nimekariri maneno 900 ya Kiingereza kutoka kwenye orodha niliyotumiwa. Bado nakosa. Tatizo ni nini?

Ni orodha hiyo hiyo. Maneno mazito ya ajabu yamo, sikatai, lakini yanayoangusha watu wa huku ni yale wanayodhani wanayajua. "Qualify" wewe unajua ni kufuzu. Kwenye kifungu cha GRE mara nyingi maana yake ni kuiwekea kauli mpaka, kuipunguzia makali. "Sanction" inaweza kuwa kuruhusu na inaweza kuwa kuadhibu. Ni kama "paa" kwetu: la nyumba, la mwituni, na la kupaa angani. Mgeni aliyekariri maana moja atacheka pasipochekesha.

Kwa hiyo soma sentensi. Kwenye maswali ya kujaza nafasi, kabla hujatazama majibu weka neno lako mwenyewe, hata la Kiswahili, halafu tafuta linalolikaribia. Angalia sana viunganishi: kikiwepo cha maana ya "ingawa", sentensi inageuka. Na ujue kwamba penye nafasi mbili au tatu, ukipata mbili ukakosa moja umekosa yote. Lile la kuchagua maneno mawili kati ya sita nalo ni hivyo hivyo: mawili yote au hakuna.

Insha inaniogopesha. Natoka Nachingwea, sijawahi kusafiri nje, mifano nitaitoa wapi? Wenzangu wanakariri habari za Edison na Steve Jobs.

Swali hili nimelipenda kuliko yote.

Insha siku hizi ni moja tu, dakika 30. Unapewa hoja ya jumla, useme unakubaliana nayo kiasi gani na kwa nini. Msahihishaji amesoma Edison mpaka amechoka. Wewe umekaa juu ya mfano ambao angeupenda na huuoni.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, na hapo kwenu Nachingwea. Walitaka mafuta ya kula baada ya vita. Waliagiza matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuiunganisha na Nachingwea. Udongo, mvua na vichaka havikuwa kama walivyodhani huko London. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimeteketea. Reli nayo iling'olewa miaka ya sitini. Lakini bandari ikabaki, na leo korosho zinapitia hapo.

Sasa tazama mada ngapi zinaingia humo. Je, viongozi wachukue hatua kubwa haraka au waende taratibu? Wataalamu wasikilize wenyeji? Mradi ulioshindwa unaweza kuacha faida? Ukiambiwa ujadili kama maslahi ya taifa yatangulie ya eneo, unayo gesi ya Mnazi Bay na mvutano wa 2013 kuhusu bomba la kwenda Dar es Salaam. Unajua pande zote mbili, uliwasikia watu wakibishana kijiweni. Mtu wa mbali hawezi kuiga hilo.

Tahadhari moja. Usisimulie tu. Sentensi mbili za historia, halafu rudi kwenye hoja: mfano huu unathibitisha nini, na pale usipothibitisha, sema. Aya inayokiri upande wa pili hupandisha alama kuliko Kiingereza cha madoido. Mada zote zinazoweza kutoka ETS wamezichapisha kwenye tovuti yao, bure. Chagua moja kila Jumamosi, weka saa, andika kwa kuchapa, kwa sababu siku ya mtihani hakuna kalamu na hakuna programu ya kukusahihishia tahajia. Tulio na vidole vizito tulijuta.

Nilifanya jaribio la bure nikaishiwa muda, maswali sita sikuyagusa.

Jibu kosa halikatwi alama, kwa hiyo kuacha wazi ni kujinyima. Sehemu ya kwanza ya hesabu ni maswali 12 kwa dakika 21, ya pili 15 kwa dakika 26. Pita mara mbili. Mzunguko wa kwanza chukua yanayokubali, linalokukazia bonyeza jibu lolote, liwekee alama, songa. Ukirudi lishughulikie. Unaweza kurudi ndani ya sehemu hiyo tu, ikifungwa imefungwa. Sehemu ya pili hupangwa ugumu wake kulingana na ulivyofanya ya kwanza, basi ukiona imekuwa ngumu usikate tamaa, huenda ni habari njema.

Naweza kufanyia nyumbani Newala, au lazima niende Dar?

Nyumbani inaruhusiwa, lakini masharti ni mengi. Kompyuta ya Windows au Mac, si simu wala tableti. Chumba chenye mlango uliofungwa, uko peke yako, meza na kiti cha kawaida, kitandani hapana. Kamera lazima iweze kuzungushwa ikionyesha chumba kizima. Spika ya kawaida, si ya masikioni. Karatasi za kawaida hazikubaliwi: tafuta kibao kidogo cheupe cha kufutika, au karatasi iliyo ndani ya plastiki angavu na kalamu ya kufutika. Weka na kioo cha mkononi, msimamizi anaweza kukuomba umwonyeshe skrini yako.

Halafu jiulize kuhusu nyumba yenyewe. Huku kwetu shangazi anaingia bila hodi na watoto wa jirani wanafuata mpira mpaka ukumbini. Betri yako inabeba saa tatu umeme ukikatika? Mtandao wa simu unatulia saa ngapi? Kama huna uhakika, tafuta nafasi kituoni kupitia akaunti yako ya ETS, na kama ni Dar usipande basi la siku moja kabla. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara maeneo ya Somanga, na waliokuwa na miadi Dar walibaki upande huu. Fika mapema, lala kwa ndugu, usile chakula usichokizoea.

Jambo la jina sasa. Jina la kujisajili lifanane na la kitambulisho chako herufi kwa herufi. Wengi wetu cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, NIDA inasema vile, na pasipoti ina la tatu la babu. Nyoosha hilo kwanza, linachukua muda kuliko hesabu.

Kuna kijana kwenye WhatsApp anasema atanifanyia kwa laki nane, alama nitajichagulia.

Mzuie namba. Picha yako hupigwa siku ya mtihani na alama zinaweza kufutwa hata baadaye. Hizo laki nane zinatosha kulipia mtihani wenyewe na chenji ikabaki, maana ada yake ni takriban dola 220.

Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika Masasi, nataka MBA. GRE au GMAT?

GMAT ni mtihani mwingine wa aina hii, kwa wanaoomba shule za biashara, na nyingi ya shule hizo hupokea wowote. GMAT ya sasa ni saa 2 na dakika 15, sehemu tatu za dakika 45: hesabu, lugha, na uchambuzi wa takwimu. Alama ni 205 hadi 805. Haina insha, na kwenye hesabu hakuna kikokotoo. Mtu anayeshinda na majedwali ya makato na malipo kama wewe, ile sehemu ya takwimu inaweza kumpenda. Fanya jaribio la bure la kila mmoja, utaona penye nafuu.

Alama ngapi zinatosha, na nifanye mwezi gani?

Lugha na hesabu kila moja hupimwa kuanzia 130 hadi 170, insha 0 hadi 6. Hakuna "kufaulu". Uliza idara waliopokelewa mwaka jana walikuwa na ngapi, wengine huweka kwenye tovuti. Mhandisi ataangaliwa hesabu, mwanahistoria lugha. Alama hudumu miaka 5, na unaweza kurudia baada ya siku 21, si zaidi ya mara 5 ndani ya miezi 12.

Kuhusu mwezi: maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba na Januari, kwa hiyo watu hukimbilia Oktoba na Novemba. Huo kwetu ni msimu wa korosho. Kama familia yenu ina shamba unajua utakuwa wapi, na mikono itakuwa na utomvu. Mimi ningefanya Agosti, kabla hazijaanza kudondoka, na nafasi ya kurudia mara moja ingebaki Septemba.