Nilitumbukia kwenye chemba ya dukani: nimdai nani?

SWALI: Ndugu Mwanasheria, salaam. Mwezi uliopita niliingia katika duka moja la jumla hapa Mtwara mjini kununua unga. Nilipokuwa natoka, nilikanyaga mfuniko wa chemba ulioko barazani, ukavunjika, mguu ukazama hadi gotini na kifundo kikavunjika. Wapagazi walinieleza kwamba mfuniko ulikuwa na ufa tangu kabla ya mvua, na ulikuwa umefunikwa kwa boksi. Mwenye duka anasema yeye ni mpangaji tu, tena ukutani kuna bango lisemalo "Ajali si jukumu letu". Je, nina haki?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Pole sana, dada yangu. Ndiyo, haki unayo, na kauli kwamba yeye ni mpangaji haimwondoi moja kwa moja kwenye lawama, kwa kuwa sheria haiangalii kwanza jina lililo kwenye hati ya nyumba bali huuliza ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya mahali pale siku ile. Kama baraza hilo analitumia na kulifagia yeye, ndiye wa kwanza kujibu. Ila ikiwa mkataba wa pango uliacha chemba na matengenezo yake mikononi mwa mwenye nyumba, basi huyo naye aunganishwe katika shauri.

Kanuni hii tuliipokea kutoka sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa ikitumika huko tarehe 22 Julai 1920, siku iliyowekwa na sheria yetu kuwa kikomo cha mapokezi hayo. Shauri lake mashuhuri ni la mwaka 1866, la fundi wa gesi aliyeingia kazini katika kiwanda cha sukari akaanguka kwenye tundu la sakafuni lisilozungushiwa uzio. Mahakama ilisema kwamba aliyeingia kwa shughuli yenye manufaa kwa pande zote mbili anastahili kulindwa dhidi ya hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenye mahali anaijua au alipaswa kuijua. Mnunuzi wa unga ni mtu wa namna hiyo hiyo, na lile boksi, kwa maoni yangu, ndilo ushahidi wako mzito kuliko wote: mtu hafuniki ufa asioujua, na kuufunika kulikunyima hata nafasi ya kuuona ukaukwepa. Bango la ukutani halikukuonya kuhusu chemba, hivyo sioni kama litamfaa sana.

Atakachojaribu ni kudai kwamba hukuwa mwangalifu. Hakimu akikubali, chini ya Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania, inayogusa fidia za ajali, fidia yako itapunguzwa kwa kiasi cha kosa lako, lakini haifutwi.

Piga picha leo kabla mfuniko haujabadilishwa, tunza PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na risiti za matibabu, na uandike majina ya wapagazi hao. Mwandikie mwenye duka barua ya madai. Akikaidi, fungua shauri katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, si ya Mwanzo, ndani ya miaka 3 tangu siku ulipoumia.