Wakili wa talaka: usilipe kabla ya kupita barazani

Pole sana dada. Unauliza umlipe wakili leo au usubiri, maana mumeo amehama na nyumba ina jina lake. Subiri kidogo. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kwa kawaida mahakama hudai kwanza hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, yaani baraza la kupatanisha wanandoa, kuonyesha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, na kufika barazani hakuhitaji wakili. Kuhusu nyumba, usitishike: tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo tunza risiti na mashahidi wa ujenzi. Wakili utakayempata, ada yake iandikwe. Akikuahidi ushindi, mkimbie. Huna pesa? Ulizia msaada wa kisheria wa bure, upo kwa mujibu wa sheria ya 2017.