Kipandauso si damu chafu
Dada wa Likoni uliyeuliza kama kipandauso chako ni damu chafu ya kuumikwa: hapana, na pole sana. Ncha za mishipa ya fahamu zenyewe humwaga kemikali, hasa CGRP na sabstansi P. Mishipa ya damu hutanuka, majimaji huvuja, panavimba bila kijidudu chochote. Ukikata pilipili za achari mkono ukawaka na kuiva wekundu, ndiyo kazi hiyo hiyo. Dawa za kuzuia sabstansi P hazikutuliza kipandauso. Za CGRP zimewasaidia wengi; mojawapo, erenumabu, iliidhinishwa Marekani 2018. Muone daktari wa mishipa ya fahamu. Lakini ulimi ukiwa mzito ghafla au upande mmoja ukilegea, hospitali saa hiyo hiyo, tafadhali, usingoje kukuche.