Nikeli katika miamba ya anothositi hutoka wapi?

Ndugu mwanafunzi wa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, umeuliza iwapo anothositi, mwamba ambao takriban wote ni felispa (madini ya rangi hafifu), unaweza kuzaa nikeli na shaba, na uanzie wapi tasnifu yako. Ningekushauri uiweke kando anothositi yenyewe, kwa kuwa felispa haibebi nikeli ya maana, uichunguze magma ya kimafiki (mwamba ulioyeyuka wenye chuma na magnesi nyingi) iliyopanda pamoja nayo. Huko Voisey's Bay, Labrador, nchini Kanada, ambako hazina iligunduliwa mwaka 1993, madini yamo katika troktoliti (mwamba wa kimafiki wa felispa na olivini) yenye umri wa takriban miaka bilioni 1.33. Magma hiyo ilipopenya naisi (mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo) yenye salfa, iliimeza salfa hadi ikashindwa kuiyeyusha yote. Ndipo matone ya salfaidi (muungano wa salfa na metali) yalipojitenga, kama mafuta na maji (ila hapa tone ndilo zito), yakanyonya nikeli, shaba na kobalti, kisha yakatuama pale mfereji wa magma ulipopanuka na mwendo ukapungua. Mfereji huo ndio ningeufanya kiini cha tasnifu. Isotopu za salfa (aina za atomi zake zenye uzito tofauti) zitakuonyesha kama salfa ilitoka katika miamba jirani. Kwa mfano wa karibu, soma kuhusu hazina ya nikeli ya Kabanga, Tanzania, ingawa miamba yake si anothositi.