Kuku wanapinda shingo na kuharisha kijani

Pole sana dada wa Mbalizi. Kwa ulivyoeleza, mharo wa kijani, mabawa yameshuka, shingo inajipinda hadi kichwa kinaangalia juu, mi naona hicho ni kideri (Newcastle), ndo maana OTC, ile antibayotiki uliyowapa, haijasaidia kitu, kideri kinaletwa na kirusi na antibayotiki haiui kirusi. Wanaoumwa watenge leo leo, waliokufa wachome au fukia shimo refu, usiwatupe korongoni mbwa wakaja kuwaburuza mtaa mzima.

Umeuliza kama uwauze waliobaki fasta pale mnadani, hapana jamani, ndo hivyo kideri kinavyotembea kijiji hadi kijiji, na nina wasiwasi hata wewe kilikuja na yule jogoo mpya uliyesema umemnunua. Wageni wakae pembeni wiki 2 kwanza.

Kwa wazima nenda duka la mifugo ulizia chanjo ya kideri inayoitwa I-2, inavumilia joto kuliko zingine, tone 1 jichoni, subiri apepese ndo umwachie, unarudia kila miezi 3, vifaranga nao wamo. Ila haiponyi aliyeshaugua, na mpigie afisa mifugo wa kata aje aangalie.