Ndiyo, Ninamlipa Mtu Anisikilize: Namna Nilivyompata Mnasihi Nikiwa Houston

Ndugu zangu wa Magomeni, Tabata na Kigamboni, tangu nilipoteleza ulimi siku ile ya futari na kusema kwamba kila Jumatano mchana nina miadi na mnasihi, maswali hayajakoma katika kundi letu la ukoo. Shemeji anataka kujua ni fedha kiasi gani. Binamu yangu, ambaye Agosti anakuja kusoma Marekani, anauliza mtu wa namna hiyo anapatikanaje katika mji ambao hujui hata muuza duka. Mama Mkubwa alituma ujumbe mmoja tu wa sauti, wa sekunde nane: je, nimemtaja yeye? Nitajibu yote matatu, ila kwa mpangilio wangu.

Nianze na kilichonipeleka, kwa sababu bila hicho mtadhani ni anasa ya ughaibuni, au mtaniwazia hospitali ya Mirembe, kama tunavyomwazia kila mtu anayetajwa pamoja na neno akili. Baba alipofariki, simu iliingia saa tisa usiku kwa saa za Houston, na kwenu ilikuwa saa tano asubuhi. Maziko yalipangwa Kisutu baada ya swala ya alasiri, na hata kama ningekuwa na tiketi mkononi, hakuna ndege ambayo ingenifikisha. Mimi, mtoto wa kiume ambaye kwa desturi yetu ningeshuka kaburini kumpokea baba yangu, nilimzika kwa kioo cha simu, betri ikiwa imebaki asilimia 11, na saa nne nikaingia kazini. Ninyi mlikaa matanga, mkalala kwenye mikeka pamoja, mkalia hadi watani wakaja kuwachekesha. Mimi nilipewa kadi moja iliyosainiwa na ofisi nzima. Miezi saba baadaye nilikuwa silali, nasahau kulipa bili, na jioni nakaa ndani ya gari nusu saa nje ya nyumba yangu mwenyewe nikishindwa kushuka.

Daktari wangu wa kawaida aliiita hali hiyo sonona, akanipa karatasi yenye namba nne za simu. Mbili hazikupokelewa, ya tatu ilikuwa haitumiki tena, na ya nne hawakuwa wakipokea bima yangu. Ndipo nikaingia kwenye saraka za mtandaoni, yaani orodha za wanasihi na sifa zao.

Iliyo maarufu zaidi hapa ni ile ya jarida la Psychology Today. Unaandika namba ya posta ya mtaa wako, kisha unachuja majina kwa bima, jinsia, lugha, imani, tatizo, bei na aina ya tiba, mpaka zinabaki kurasa chache za watu wanaotabasamu mbele ya rafu za vitabu. Jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nami ninakuambia wewe binamu, ni kwamba ukurasa ule ni tangazo. Kila aliyemo analipa karibu dola 30 kwa mwezi ili aonekane, na maelezo yake ameyaandika mwenyewe. Saraka huhakiki kwamba ana leseni. Haihakiki kwamba anayajua yote anayodai kuyajua. Nilikuta mmoja aliyetia alama kwenye matatizo zaidi ya 30, kuanzia ulevi na talaka hadi watoto wasiopenda shule, na msiba ukiwa mahali fulani katikati. Fundi anayekuambia kwamba anashona suti, gauni la harusi, mabegi ya shule na maturubai, sidhani kama ungemwachia kitenge chako. Tangu hapo nilijifunza kusoma walioandika machache.

Halafu ziko herufi baada ya jina. Kwa Texas, LPC ni mshauri nasaha mwenye leseni, LCSW ni mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyebobea katika tiba, na LMFT ni mtaalamu wa ndoa na familia. Hawa wote hutibu kwa mazungumzo na hawaandiki dawa. Dawa huandikwa na daktari, akiwamo yule wa magonjwa ya akili. Ukiona LPC Associate, huyo amemaliza masomo lakini bado anakamilisha saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi. Msimdharau, kwa kuwa mara nyingi bei yake ni nafuu na nyuma yake yupo mtu mzoefu anayefuatilia kazi yake. Leseni ya yeyote kati yao unaweza kuitafuta mwenyewe, bila malipo, kwenye tovuti ya baraza la jimbo linalowasimamia, na humo utaona pia kama amewahi kuadhibiwa. Inachukua dakika mbili, nami nilishangaa kuona Watanzania wenzangu hapa, ambao huchunguza gari la mtumba hadi chini ya uvungu, hawajawahi kufanya hivyo.

Kosa langu la kwanza najua utalirudia, binamu. Nilichuja kwa lugha ya Kiswahili. Walitokea wawili, na nikampigia mmoja. Kabla hata sijamweleza shida yangu tulikuwa tumeshagundua kwamba tulihudhuria harusi moja mwaka uliotangulia, na kwamba anamfahamu mtu ninayeswali naye. Alikuwa mwungwana, na sina shaka kwamba angeitunza siri yangu, lakini Waswahili wa Houston tunakutana kwenye misiba ileile na ubwabwa uleule, na nilijua kwamba ningekuwa ninapima kila neno kabla ya kulitoa. Nikamshukuru na kuaga. Mwingine anaweza kuamua kinyume, kwa sababu kuna watu ambao uchungu wao hautoki kwa Kiingereza hata wakikaa huku miaka 20, na kwa mtu huyo lugha ni bora kuliko faragha ya kutojulikana.

Kosa la pili lilikuwa la macho. Nilimchagua mama mmoja Mmarekani mweusi kwa sababu picha yake ilinikumbusha shangazi. Alikuwa na upole wa kweli, nami nilimpenda. Lakini katika vikao vyote vitatu nilivyokaa naye alirudi kwenye jambo moja: kwamba niwawekee ndugu zangu mipaka, na kwamba nisitishe kutuma fedha nyumbani hadi nipone. Maneno hayo yana mantiki kwa mtu aliyekulia alikokulia yeye. Kwangu mimi, kutuma fedha za hitima ndilo lilikuwa jambo pekee lililobaki la kunifanya nijihisi mtoto wa marehemu. Nilimweleza hivyo. Akasikiliza, na wiki iliyofuata akarudi palepale.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika kwamba uhusiano mzuri wa kitiba una mambo matatu: kukubaliana mnakokwenda, kukubaliana mtafanya nini ili mfike, na mshikamano baina yenu wawili. Mimi na yule mama tulikuwa na hilo la tatu tu. Nilimwandikia ujumbe mfupi kwamba sitaendelea, nikiwa na aibu kama mtu anayerudisha mahari, naye akanijibu kwa wema na kunipa majina ya wenzake wawili. Kumbe kuondoka ni jambo la kawaida kabisa katika kazi yao, na anayekununia kwa sababu hiyo basi amekuonyesha kwamba hukukosea kuondoka.

Niliyenaye sasa ni mama wa Kizungu wa rika la Mama Mkubwa, LCSW aliyefanya kazi miaka mingi na wagonjwa waliokuwa wakingoja kufa nyumbani kwao. Ukurasa wake ulitaja mambo matatu tu, na mojawapo lilikuwa msiba wa watu walio mbali na kwao. Wanasihi wengi hutoa simu ya bure ya dakika 15 kabla ya kikao cha kwanza, na hapo ndipo pa kumpima mtu, si kwenye picha. Nilimuuliza amewahi kuhudumia wangapi wenye shida kama yangu, kikao chake huendaje, na tutajuaje kwamba ninapata nafuu. Mwisho nikamuuliza anafahamu nini kuhusu msiba wa Kiislamu. Akajibu kwamba anafahamu kuwa tunazika haraka, kwamba mengine itabidi nimfundishe, na kwamba yale anayoweza kuyasoma mwenyewe atayasoma kwa muda wake, si kwa muda ninaoulipia. Sikuhitaji kuuliza zaidi.

Msidhani ilikuwa rahisi kumfikia. Niliandika ujumbe kwa watu 11, wakajibu watano, na wawili kati yao hawakuwa na nafasi ingawa ukurasa ulisema wanapokea wateja wapya. Mmoja aliorodhesha bima yangu wakati alishajitoa kwenye bima hiyo. Kwa hiyo uliza kote kuwili, kwake na kwa kampuni ya bima, kabla ya kikao cha kwanza. La sivyo bili itakufundisha.

Shemeji, sasa fedha. Niliowaandikia walitaja kati ya dola 130 na 180 kwa kikao cha dakika 50 kwa asiye na bima. Kwa bima yangu, vikao vya mwanzo nililipa dola 110 kila kimoja mpaka nilipofikisha kiasi ambacho lazima nilipe mwenyewe kwa mwaka, na tangu hapo ninalipa dola 35. Najua umeshazidisha mara nne na kugeuza kuwa mabati. Wasio na bima hutumia saraka ya Open Path Collective, ambako unalipa uanachama mara moja, na kikao huwa hakizidi dola 80. Wengine hupunguza bei kwa kuangalia kipato chako, lakini lazima uulize, kwa sababu hawatangazi.

Binamu, usipoteze bando lako kutafuta mtu huku ukiwa bado Kigamboni. Leseni hufuata mahali alipo mteja wakati wa kikao, si alipo mnasihi tu. Hata mimi nilipokuwa Dar wiki zile tano, wangu alikataa kunihudumia kwa video, kwa kuwa leseni yake ni ya Texas. Ukifika, anzia kituo cha unasihi cha chuo chako, kwani vyuo vingi vinacho na wanafunzi hawalipi zaidi, au hulipa kidogo. Saraka ifuate baadaye. Na ukijikuta unafikiria kujidhuru, achana na saraka kabisa. Piga 988, usiku au mchana, namba ya msaada wa dharura iliyoanza kutumika Marekani nzima Julai 2022. Na wewe mwingine katika kundi, unayeniomba nikutafutie mnasihi wa huku akuhudumie ukiwa Tabata, jibu ni lilelile la leseni, lakini chuo cha Muhimbili kinafundisha wanasaikolojia tiba, na maswali yale ya dakika 15 unaweza kuwauliza hata wa hapo nyumbani.

Mama Mkubwa, nimekutaja. Sheria ya nchi hii ya mwaka 1996 inalinda habari za afya ya mtu, na mnasihi wangu hawezi kumsimulia yeyote tu ninayomwambia, isipokuwa katika hali chache, kama pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini au mtoto anapotendewa uovu. Nilimwambia kwamba ni wewe uliyenipigia saa tisa ile, na kwamba uliniambia nisilie kwa sababu sasa mimi ndiye baba wa nyumba. Tulikaa na maneno hayo kwa vikao viwili. Hakukusema vibaya. Aliniuliza tu kama wewe ulilia siku hiyo, na ni nani alikuwa karibu yako, nami sikuwa na jibu. Nitakupigia Ijumaa baada ya swala, kwa saa za huko.